KIBANJA NI KAZI YA MIKONO: HISTORIA YA NYUNGUNYUNGU WETU, 2015–2025



Kamati ya sherehe iliagiza kwamba kijitabu hiki kiwe na historia ya mradi wetu wa kufuga nyungunyungu. Tumeiandika sisi wenyewe kwa elimu yetu ya darasa la saba. Penye kosa la herufi mtusamehe, lakini tumejitahidi kusema kweli, hata pale ambapo kweli inatuaibisha viongozi. Wageni wengi wanaotutembelea huuliza kwanza juu ya kisanduku chetu cha hisa, halafu wakionyeshwa masanduku ya nyuma ya nyumba wanashika mdomo. Wanasema: "Jamani, akina mama, minyoo?" Ndiyo, minyoo. Lakini ili mtu aelewe, inabidi tuanze mbali kidogo, kwa bibi zetu.

KIBANJA KILITOKA WAPI

Mgeni akishuka Bukoba anaona kijani kila upande, anadhani ardhi yetu ilizaliwa na rutuba. Sivyo. Mji wa Bukoba unapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo hiyo inayotunywesha ndiyo inayoosha chakula cha udongo na kukipeleka chini mizizi isikofika. Toka nje ya kibanja uingie rweya ujionee. Nyasi ngumu, udongo mwembamba juu ya mawe ya mchanga, na mgomba ukiupanda pale unadumaa. Rudi hatua kumi tu ndani ya kibanja, udongo ni mweusi na laini, mguu unazama.

Weusi ule uliletwa na watu. Bibi zetu walikwenda rweya kukata nyasi, wakazibeba kichwani, wakazitandika sakafuni ndani ya msonge. Nyasi zikichakaa zilitolewa zikatandazwa chini ya migomba, zikaletwa mpya. Majivu ya jikoni yalikwenda kibanjani. Maganda ya ndizi yalikwenda kibanjani, au yalipitia kwanza kwa ng'ombe yakarudi yakiwa samadi. Kati ya migomba walipanda maharage, na majani yake nayo yakaoza hapo hapo. Ukifunua nyasi zile asubuhi, chini yake kumejaa nyungunyungu. Bibi zetu hawakuwawekea masanduku, lakini waliwafuga, maana anayelisha ndiye mfugaji.

Kazi hiyo haikuwa na mshahara wala jina. Kahawa ilipokuwa zao la fedha, iliandikwa kwa jina la mwenye kibanja, na mwenye kibanja alikuwa mwanamume. Historia ya wanaume na kahawa imeandikwa vitabuni: jinsi wakulima wa Bukoba walivyogombana na serikali ya kikoloni mwaka 1937 kwa ajili ya kanuni za kilimo cha kahawa, na jinsi chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilivyoundwa mwaka 1950. Tunaiheshimu historia hiyo, maana wengine wetu tulisoma kwa fedha ya buni. Lakini nyasi zilizotandazwa chini ya mibuni ile zilibebwa na nani? Hilo halikuandikwa, ndiyo maana leo tunaliandika sisi.

Udongo ulipata misukosuko pia. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika nchi za maziwa makuu, na kwetu ng'ombe akifa ni kibanja kinachofuata. Baadaye watu waliongezeka, rweya ikapungua, malisho yakapungua, na nyumba nyingi zikabaki bila hata ng'ombe mmoja. Wakaja fukuzi wanaotoboa shina la mgomba, na pamoja nao minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayokula mizizi mpaka mgomba unaanguka na mkungu wake. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku walitufundisha kumenya machipukizi na kuyachovya katika maji ya moto kabla ya kupanda. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ukathibitishwa wilayani Muleba, watu wakang'oa na kufukia migomba huku wanalia. Katikati ya hayo yote kulikuwa na vita ya 1978 na 1979, na kuanzia mwaka 1983 Kagera ikawa mkoa wa kwanza nchini kugundua ugonjwa wa UKIMWI. Nyumba nyingi zilibaki na mjane na watoto, au bibi na wajukuu.

ARDHI YA NANI?

Hapo ndipo penye donda letu. Mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo kwa maisha yake, lakini hawezi kuiuza. Mama anatandaza nyasi miaka thelathini, udongo unakuwa mweusi kwa jasho lake, halafu siku ya matanga anakumbushwa kwamba yeye ni mgeni.

Wanachama vijana tunapenda wajue jina la Holaria Pastory. Alikuwa mama mzee wa hapa hapa Muleba. Baba yake alimrithisha kibanja kwa wosia. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 alikiuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, kwamba mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na yule kijana. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi aliyorithi, kwa sababu Katiba yetu inakataza ubaguzi. Kesi hii inasomwa mpaka nje ya nchi. Baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikasema wazi kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali ni batili.

Sheria ipo, lakini sheria haitembei yenyewe kuja kubisha hodi. Inataka mtu wa kuishika mkono.

TULIVYOANZA

Kikundi chetu kilianza Machi 2015. Tulikuwa akina mama 22, wengine wa upande wa Kemondo, wengine wa upande wa Muhutwe, maana tunakutana sokoni na kwenye misiba ile ile, mpaka wa wilaya hautuhusu. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Tulinunua kisanduku chenye kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu wa nyumba tatu. Wanaume walituambia tutagombana kabla ya Krismasi. Hatukugombana Krismasi hiyo. Ugomvi ulikuja baadaye, nao tutausimulia.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, ardhi ilitetemeka. Watu zaidi ya kumi na watano walipoteza maisha katika mkoa wetu, na nyumba nyingi sana zilibomoka. Katika kikundi hakufa mtu, tunamshukuru Mungu, lakini kuta za wenzetu tisa zilianguka. Kisanduku kilifunguliwa siku ya nne. Fedha ya mfuko wa jamii ilinunua turubai na misumari, ikaisha. Kwa hiyo waliokuwa na ng'ombe waliuza ng'ombe ili wapate mabati. Kufika mwanzo wa 2017, kati yetu wote zilikuwa zimebaki nyumba mbili tu zenye ng'ombe. Mikungu ya ndizi ikaanza kuwa myembamba. Samadi tuliyokuwa tunapeana bure ikawa ya kununua, na fedha ya kununulia haikuwepo.

Ndipo binti wa mwenzetu mmoja, aliyesomea kilimo, akaja likizo akatuambia: "Mama zangu, mnatupa mali. Hayo maganda yanayonuka nyuma ya jiko, wafugeni nyungunyungu wayale, watawarudishia mbolea."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mzee mmoja alisema eti sasa akina mama wameishiwa kabisa, wanafuga minyoo ya tumbo. Binti yule hakukasirika. Alitueleza kwamba kule Uingereza mtaalamu mkubwa, Charles Darwin, aliwafuga nyungunyungu kwenye vyungu ndani ya nyumba yake na kuwachunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1881 akatoa kitabu kizima juu ya jinsi wanavyotengeneza udongo. Akatuambia pia habari za mwalimu mmoja wa Marekani, Mary Appelhof wa mji wa Kalamazoo, aliyeanza mwaka 1972 kuwafuga ndani ya nyumba yake kwa mabaki ya jikoni, akafundisha maelfu ya watu mpaka alipofariki mwaka 2005. Tukasema kumbe, kama mwalimu wa Marekani haoni haya, sisi tunaona haya ya nini?

MAKOSA YETU

Sasa tuseme ya aibu. Sisi watu wa kamati tulikuwa na haraka. Tulitoa shilingi 180,000 katika mfuko, tukanunua mbao na misumari, tukatengeneza masanduku sita, bila kuitisha mkutano mkuu. Tulidhani mafanikio yatatufunika.

Tukaenda kibanjani tukachimba nyungunyungu wakubwa wanene, tukawajaza masandukuni, tukawamwagia samadi mbichi ya ng'ombe. Siku ya tatu wote walikuwa wamekufa, na harufu tusiiseme. Samadi mbichi inapooza huchemka kama chungu. Halafu wale wakubwa ni wachimbaji wa chini, hawakai sandukuni, ni kama kumfungia ng'ombe kwenye banda la kuku.

Tukajaribu tena. Safari hii siafu waliingia usiku. Asubuhi hapakuwa na kitu.

Mkutano wa Agosti 2017 ulikuwa mbaya. Wenzetu watano walirudisha madaftari yao wakaondoka, na mmoja alisema maneno ambayo tunayakumbuka mpaka leo: "Hisa zetu mmezilisha siafu." Alikuwa na haki. Tuliomba radhi mbele ya wote, na fedha ile tuliilipa sisi wa kamati kutoka mifukoni mwetu, kidogo kidogo, mpaka Februari 2018. Tangu siku hiyo katiba yetu ina kifungu: hakuna shilingi inayotoka bila mkutano. Watatu kati ya wale watano walirudi, na mmoja wao ndiye mweka hazina wetu leo.

JINSI TUNAVYOWAFUGA

Suluhisho tulilipata kwenye lundo la samadi ya zamani kwa mwenzetu mwenye ng'ombe. Chini ya lundo lile kulikuwa na nyungunyungu wembamba, wekundu, wepesi kama cheche. Hao ndio wanaopenda kuishi juu juu kwenye vitu vinavyooza. Tulichukua kopo moja tu. Kwa faida ya wanaotaka kuanza, tunaandika utaratibu wetu:

Sanduku liwe na matundu chini, liwekwe kivulini, lifunikwe kwa gunia au majani ya mgomba. Nyungunyungu anapumua kwa ngozi, kwa hiyo makazi yake lazima yawe na unyevu wakati wote, lakini yasiwe maji. Ukikamata kiganjani na kukamua, yatoke matone mawili matatu tu. Miguu ya sanduku isimame kwenye vikopo vya maji, na majivu yamwagwe kuzunguka nje, hapo siafu hapandi.

Chini tunatandika majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa na samadi iliyokwisha kupoa. Chakula ni maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, majani ya maharage, makapi ya kahawa na ya chai. Tunayakata madogo na kuyafukia kidogo. Hatuwapi chumvi, mafuta, pilipili, malimau wala nyama. Wakiwa na afya wanaweza kula kwa siku chakula cha karibu nusu ya uzito wao. Ukiwapa zaidi, kinachozidi kinachacha.

Wanataga vifuko vidogo vya manjano, kama punje ya ulezi, na kila kimoja hutoa watoto kama wawili hadi wanne baada ya wiki tatu au nne. Kila nyungunyungu ana udume na ujike ndani ya mwili wake, ingawa bado anahitaji mwenzake ili wazae. Siku tulipofundishwa hilo bibi mmoja wa kikundi alisema: "Basi hao hawana kesi za urithi." Ulikuwa mzaha, lakini kicheko kilikatika haraka, maana kila mmoja alijua anasema nini.

Baada ya miezi kama mitatu kilichomo sandukuni ni mboji nyeusi, haina harufu mbaya, inanukia kama msitu baada ya mvua. Tunaimwaga juani kwa mafungu, nyungunyungu wanakimbilia chini kukwepa mwanga, sisi tunachota juu. Viganja viwili kwenye shimo la mgomba mchanga, au kwenye kiriba cha mche wa kahawa. Tuseme ukweli hapa pia: sanduku moja halitoshi kibanja kizima. Nyasi za kutandaza bado lazima zibebwe, na nyungunyungu hawaponyi mnyauko. Mgomba wenye mnyauko dawa yake ni kuung'oa na kutunza usafi wa visu. Lakini kwa nyumba isiyo na ng'ombe, sanduku hili ndilo zizi.

FEDHA ILIYOTOKA GIZANI

Kuanzia 2019 tulikuwa na cha kuuza. Mboji tuliwauzia wenye vitalu vya miche. Nyungunyungu wenyewe tuliwauzia wavuvi wa ndoano wa upande wa ziwani kwa chambo, kopo la maziwa shilingi 1,000, yaani hisa moja kamili. Wengine tuliwapa kuku wetu, na mayai yakaongezeka. Sio utajiri. Lakini angalieni jambo moja: fedha hii ilitokana na maganda, na maganda hayakuwa na mwenyewe. Hakuna mwanamume aliyewahi kudai maganda, na hakuna ukoo uliokaa kikao juu ya taka za jikoni. Kwa hiyo fedha yake iliingia kisandukuni bila kugombaniwa. Kwa wengi wetu ilikuwa fedha ya kwanza maishani tuliyoipata kibanjani bila kumwomba mtu ruhusa.

KIBANJA CHA MWENZETU

Tunamalizia na habari ambayo mwenyewe ametupa ruhusa tuiseme, ila jina tuliache. Mwenzetu mmoja alifiwa na mume mwaka 2021. Baada ya arobaini, shemeji walimwambia arudi kwao. Walisema kibanja ni cha ukoo, na yeye alikuja na sanduku la nguo tu.

Hatukwenda kupiga kelele. Tulikwenda na daftari. Tangu 2018 katibu wetu anaandika kila mwanachama ametoa madebe mangapi ya mboji, ameyatia wapi, amepanda nini, amevuna nini. Siku ya kikao tulikwenda kumi na saba, tukaketi chini kwa heshima, tukawaamkia wazee, tukaomba daftari lisomwe. Likasomwa mwaka kwa mwaka, shimo kwa shimo. Halafu mzee mmoja wa ukoo, yule yule aliyetucheka mwaka 2017, akasimama, akaenda kibanjani, akafunua nyasi kwa fimbo yake. Alirudi na udongo mkononi. Akasema: "Kaka yangu alikuwa amelala kitandani miaka miwili. Udongo huu ni wa nani?" Akauweka mezani.

Kikao kiliamua abaki na watoto wake. Tulimshukuru Mungu, lakini hatukushangilia sana, kwa sababu neno la kikao si hati. Mwenzetu ameomba hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, na mpaka tunaandika haya bado anaisubiri. Shemeji mmoja bado hasalimii. Wengine kati yetu wako katika hali kama yake, ila waume zao bado wako hai, na jambo lenyewe halisemwi mezani.

MATARAJIO NA SHUKRANI

Kwa miaka kumi ijayo tumejiwekea mambo matatu. Kila mwanachama awe na sanduku lake na daftari lake. Kila mwanachama azungumze na mumewe, kwa upole na kwa wakati mzuri, juu ya majina mawili kwenye hati. Na kila msichana wa nyumba zetu afundishwe kufuga nyungunyungu na afundishwe jina la Holaria Pastory, yote mawili kwa siku moja.

Tunawashukuru mabwana na mabibi shamba, viongozi wa vijiji, wavuvi wateja wetu, na waume waliotupigia misumari ya masanduku hata walipokuwa wanacheka. Tunawakumbuka wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki. Migomba waliyoitia mboji mwaka 2019 bado inazaa.

Siku ya sherehe, mgeni akitaka kuona kazi yetu, tutamwonyesha kisanduku cha hisa. Halafu tutamwomba ainame, afunue nyasi kibanjani, atazame chini.

Haba na haba hujaza kibaba.

Ni sisi, kwa niaba ya wanachama wote,
Mwenyekiti wa Kikundi